Ile Saa ya Baada ya Kufunga Duka

Kwa muda wa miaka miwili hivi binti yangu alikuwa ananipa shikamoo mbili kila asubuhi. "Shikamoo baba ya leo, na shikamoo ya jana." Alikuwa darasa la pili. Alishaona kwamba jioni hanipati, akajiwekea utaratibu wa kunipa zote kwa pamoja. Nilikuwa naitikia marahaba mara mbili nikiwa nimegeuza uso pembeni, maana mdomo wangu ulikuwa bado unanuka pombe ya usiku.

Nina fremu ya vyombo vya nyumbani Kariakoo: sufuria, hotpoti, chupa za chai, mabeseni. Nafunga saa 12 jioni. Nikishateremsha mlango wa chuma na kubana kufuli ya tatu, kuna uzito ulikuwa unanishukia mabegani, uzito ambao mchana kutwa nilikuwa sina nafasi ya kuusikia. Kuanzia hapo miguu ilikuwa inajua njia yenyewe. Basi la mwendokasi kutoka Gerezani, kushuka Kimara Korogwe, halafu baa, hatua chache kutoka kituoni. Bia mbili, kisha nyumbani. Ndivyo ilivyoanza. Sisi tunaita kupunguza mawazo, na sikuwa nadanganya: mawazo yalikuwepo, na yalikuwa yanapungua kweli, kwa saa mbili au tatu.

Mawazo yenyewe yalianza na moto. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Fremu yangu iko mtaa wa pembeni, moto haukuifikia, na asubuhi yake watu walinipigia simu kunipongeza. Lakini wateja wangu watatu walikuwa wanauzia mle ndani ya soko, na mzigo waliokuwa nao ulikuwa wangu, wa mali kauli. Walikuwa wauze kwanza ndipo wanilipe. Ungemdai nini mtu ambaye umemkuta amekaa ukingoni mwa barabara anaangalia moshi? Nilikwenda kuwapa pole nikarudi mikono mitupu. Mwezi uliofuata ilinipasa nilipe sehemu yangu ya kontena tuliyokuwa tumechangia wafanyabiashara watano, nikakopa. Marejesho kila Jumatatu. Ulipofika mwaka 2022 nilikuwa na mkopo wa pili, wa kulipia wa kwanza, ile mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Mke wangu alikuwa anaujua mmoja tu.

Bia mbili zikawa nne. Wasiokaa baa hawajui kwamba mezani hakuna mtu anayekunywa zake peke yake. Mkiwa wanne kila mmoja anatoa raundi, na ukiondoka baada ya mbili umeondoka na deni. Kwa hiyo mtu aliyekimbia madeni ya mjini anakaa mahali ambapo kila nusu saa anadaiwa tena, na anafurahi kulipa. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe tupu. Nne ni gramu 80, kila jioni, siku sita kwa wiki. Nilikuwa nalala kama gogo, halafu saa 9 usiku macho yanafunguka, moyo unadunda kana kwamba nimekimbizwa, jasho kifuani. Pombe inamlaza mtu haraka, lakini mwili unapoimaliza kuisaga usingizi unakatika vipande. Mimi nilidhani ni mawazo ndiyo yananiamsha. Nikawa nachukua simu, naangalia akaunti, naangalia ujumbe wa marejesho, naangalia video za watu nisiowajua mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi naanza na kinywaji cha kuongeza nguvu na sigara mbili kabla sijafungua kufuli.

Jaribio langu la kwanza la kuacha lilikuwa tarehe 1 Januari 2023, baada ya mkesha wa mwaka mpya kanisani. Niliweka nadhiri kwa nia safi kabisa. Nitaacha bia, nitaacha sigara, nitarudi nyumbani mapema. Nikarudi mapema. Saa 1 na nusu niko mlangoni, na ule uzito wa duka niko nao vilevile mabegani, sijautua popote. Watoto wakicheka naona kelele. Mke wangu akiniambia umeme umebaki uniti tatu, namjibu kama namjibu mtu wa marejesho. Siku ya tisa nilimfokea mwanangu wa kiume kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Kijiko tu. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira: "Baba, bora ungepitia huko unakopitiaga."

Neno hilo liliniuma kuliko matusi. Siku ya kumi na moja nikapitia.

Naieleza aibu hii kwa sababu wengi wetu tunaishia hapo. Tunaacha, tunashindwa, tunahitimisha kwamba sisi ni dhaifu au tumelogwa, na tunarudi mezani na sababu mpya ya kunywa. Mimi nilikaa miezi mitano mingine nikiamini kwamba sina nia.

Juni mwaka huohuo nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kilichouma siku nne mfululizo. Presha ikasoma 168 kwa 104. Kupimwa na kukuta juu ya 140 kwa 90, tena na tena, ndiyo huitwa presha ya kupanda, na mimi nilikuwa mbali juu ya hapo. Daktari alinianzishia vidonge, lakini aliyenisaidia kufikiri ni muuguzi mtu mzima aliyekuwa ananifunga ule mkanda mkononi.

"Unakunywa, mwanangu?"

"Kidogo, mama."

Hakuuliza kidogo ni ngapi. Aliuliza: "Hamu inakujia saa ngapi?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikafikiri. Nikamwambia, nikishafunga duka.

"Na Jumapili?"

Jumapili sifungui duka. Nikagundua, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, kwamba Jumapili hata siikumbuki bia. Naweza kukaa kutwa nzima na maji na juisi ya ukwaju, sitetemeki, situmi mtu dukani. Akaniambia: "Basi anza na hiyo saa. Itafutie kazi nyingine. Ukiiacha tupu itarudi kule kule."

Hapa nisimame kidogo, maana nimeona watu wakichukua ushauri wa wenzao na ukawadhuru. Mimi mwili wangu ulikuwa haujafungwa na pombe. Yupo anayeamka mikono inatetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, anayetoka jasho na kuona vitu visivyokuwepo akikosa siku moja. Huyo asijaribu kuacha ghafla peke yake chumbani kwa kujikaza kiume. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege na hata kumwua. Aende hospitali, wapo wanaojua kumshusha taratibu kwa dawa. Nasema hivi nikimkumbuka mtu wa ukoo wangu.

Kwa wiki nzima baada ya kituo cha afya niliendelea kunywa, lakini nikawa najiangalia. Nilitaka kujua ile saa ilikuwa inanifanyia nini. Dukani nadaiwa: mwenye fremu, watu wa mkopo, winga aliyeniletea wateja anayetaka kamisheni yake. Nyumbani kuna ada, kuna gesi, kuna mama yangu kijijini anayesubiri hela ya dawa. Katikati yake nilihitaji mahali pa kuacha kuwa mwenye duka kabla sijawa baba. Mtu hawezi kutoka huku akaingia kule kama anavyobadilisha chaneli. Baa ilikuwa inanipa hicho kipande cha katikati. Nadhiri yangu ya Januari ilikiondoa bila kuweka kitu, na waliolipa ni watoto.

Nikaanza kutembea. Sikuanza kwa sababu nilisoma faida za mazoezi. Nilianza kwa sababu jioni moja foleni ya kuingia kwenye basi pale Gerezani ilikuwa ndefu mno, nikaona heri nisogee mbele kwa miguu. Nilishika Mtaa wa Msimbazi, nikapita klabu ya Simba, nikatokea kituo cha Fire, nikashuka bonde la Jangwani kwenye ngome ya Yanga, nikapanda Magomeni Mapipa. Kama dakika arobaini, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Jangwani jioni kuna upepo. Kule bondeni vijana wanacheza mpira mpaka mpira wenyewe hauonekani. Nilipofika Mapipa na kupanda basi, shati limelowa mgongoni, nikatambua kwamba tangu darajani nilikuwa sijafikiria marejesho ya Jumatatu.

Tatizo lilikuwa Kimara Korogwe. Kituo nilichokuwa nashukia kilikuwa kinanitema mbele ya baa, na wiki ya kwanza mara mbili nilitembea vizuri kisha nikaingia vilevile. Nikaacha kushukia hapo. Nashuka kituo cha kabla yake, nakwenda nyumbani kwa njia ya ndani, kwenye kilima kile chenye mawe. Ni mbali zaidi na usiku kuna giza, lakini sikuwa na haja ya kupigana na mlango ambao sipiti mbele yake. Wapo wanaosema mwanamume wa kweli anapita mbele ya baa na haingii. Mimi nasema zunguka.

Ilinichukua kama miezi miwili mpaka mwili ukaizoea hiyo kazi mpya. Shikamoo za asubuhi zikabaki moja. Ile ya jioni nikawa naipata mlangoni, yeye ndiye anayepokea begi.

Halafu ikaja masika ya 2024. Mnaokaa Dar mnaikumbuka. Jangwani ikijaa maji barabara hufungwa, mabasi yanazungushwa, na mtu hawezi kutembea popote. Jioni ya nne ya mvua nilijikuta nimesimama chini ya bati la ile baa, nimelowa, na jamaa wa meza yetu wananiita kwa jina la duka langu. Niliingia. Nikakaa humo jioni tisa. Nilikuwa nimeiwekea ile saa mguu mmoja tu, na mguu huo ukaondoka na maji.

Mguu wa pili ulikuwa kwaya. Zamani, kabla ya duka, niliimba sauti ya nne, besi, kwenye kwaya ya usharika wetu. Niliacha kwa kukosa muda, ndivyo nilivyokuwa nasema. Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa, saa 12 na nusu mpaka saa 2, mvua inyeshe isinyeshe. Nilirudi kwa aibu nikakaa nyuma. Mwalimu wa kwaya anatufundisha kuvuta pumzi mpaka tumboni na kuitoa taratibu, isikatike mpaka mwisho wa mstari. Baadaye nilielezwa kliniki kwamba kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo ukashuka hadi kwenye moyo na tumbo, na mtu akitoa pumzi ndefu kuliko aliyovuta, mshipa huo unaupunguza moyo kasi. Mimi nilikuwa nimeshalijua hilo kifuani mwangu kabla sijaelezwa. Ukiimba noti ndefu ya sauti ya nne na wenzako sita, kifua kizima kinatetemeka, na kile kitu kilichojikunja kinajikunjua.

Na kwaya ilinirudishia watu. Hili nalisema kwa wale wanaodhani mlevi anapenda chupa tu. Nilizikosa sana zile sauti za mezani, kuitwa, kutaniwa kuhusu Simba, kuulizwa mbona jana hukuja. Kutembea hakukunipa hayo.

Sigara ilikuwa na njia zake. Nilikuwa naivuta mchana, kibarazani, kila baada ya simu ya watu wa mkopo. Niliamini inanituliza. Ukweli wa sigara ni kwamba nikotini inashuka mwilini haraka, ndani ya saa mbili nusu yake imeondoka, na ikishuka mtu anakuwa na wasiwasi na hasira. Ile raha ya pafu la kwanza kwa sehemu kubwa ni kuondolewa wasiwasi ulioletwa na sigara iliyotangulia. Hata baada ya kulijua hilo nilivuta mwaka mzima. Kilichonisaidia ni muuza mihogo mibichi anayepita mtaani kwetu na toroli. Simu ikikata natoka kibarazani palepale, nasimama palepale, lakini mkononi kuna muhogo na kipande cha nazi. Ni mgumu, unatafunwa polepole, na hamu ya sigara ikiachwa dakika chache inapita. Kinywaji cha kuongeza nguvu kilijiondokea chenyewe nilipoanza kulala. Simu ya usiku nayo nilimaliza kwa kuichaji sebuleni na kununua saa ya mezani ya kuniamsha, na hapo sina zaidi la kusema.

Lakini hakuna muhogo wala wimbo unaolipa marejesho. Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Zile jioni za kutembea zilinipa kichwa chepesi, na kichwa chepesi kikaniletea lile jambo nililokuwa nalizamisha: mkopo wa pili. Jumamosi moja ya Agosti 2023 nilimwita mke wangu sebuleni, watoto wamelala, nikaweka kaunta buku mezani nikalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Sikuweza kuongea. Nilimsukumia tu daftari.

Alisoma kwa muda mrefu. Akauliza swali moja: "Tangu lini?" Nikamwambia. Akanyamaza, akaenda jikoni, nikasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Aliporudi alikuwa na kalamu. Kilichomuumiza, aliniambia, ni kwamba meza nzima ya baa ilikuwa inajua jambo ambalo yeye hajui. Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimewaambia. Watu wanne ambao hawakuwa na uwezo wa kunisaidia hata shilingi, nao ndio niliowafungulia moyo, kwa sababu walikuwa hawawezi kuumia.

Tulikaa mpaka saa 7 usiku. Tukaamua mambo mawili. Niiache fremu ya chini, nihamie ghorofani ambako kodi ni nusu, ingawa wapita njia hawafiki. Na twende sote wawili kwa wakopeshaji kuomba marejesho yagawanywe upya. Mkopeshaji mmoja alikubali. Mwingine hakukubali, na mke wangu akachukua kwenye kikundi chake cha vikoba, kwa riba inayobebeka, tukamalizana naye. Deni lote liliisha mwaka 2025. Presha mara ya mwisho ilisoma 132 kwa 84, na vidonge bado nameza. Hakuna anayeniuliza kuhusu kutembea ambaye simwambii kuhusu vidonge.

Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo tulifunga maduka kwa siku kadhaa tukilalamikia kodi. Siku hizo sikuwa na mlango wa kuteremsha, na nikashangaa kwamba saa 12 jioni ule uzito ulikuja vilevile, nikiwa nimekaa sebuleni na kaptula. Nikavaa viatu. Binti yangu akauliza nakwenda wapi, nikamwambia natoka kidogo kutembea, akasema anakuja. Tulikwenda mpaka kituo cha Baruti tukarudi. Alikuwa na maswali mengi kuhusu malori.

Mwezi uliopita mmoja wa jamaa wa meza ile alinipigia jioni nikiwa nafunga. Ni mtu wa mauzo, anavaa suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi. Alisema yuko mjini, tupitie mahali. Nikamwambia mimi natembea mpaka Magomeni, anikute Fire. Nilidhani hatakuja. Alikuja, akalalamikia viatu mpaka Jangwani. Pale darajani alisimama, akashika ukingo, akaangalia vijana na mpira wao kule chini. Kisha akaniambia kuhusu nyumba aliyoiwekea rehani, jambo ambalo miaka yote ile ya raundi hakuwahi kulitaja. Sikuwa na jibu. Tulipofika Mapipa mabasi mawili yalikuja, yote yana nafasi, tukayaacha yapite.